Maji ya Kizingo na Maji ya Bondeni

Siku ile chumbani tulikuwa sita. Alikuwapo mdogo wetu wa mwisho, mvulana wa miaka minne na nusu, amelazwa kwenye kitanda cha kamba, uso umeelekea mlangoni. Alikuwapo dada yangu anayenifuata, wa miaka kumi au kumi na mmoja, amekaa sakafuni na kuushika mguu wa kitanda kana kwamba kitanda kingeondoka. Alikuwapo bibi mwenye nyumba. Alikuwapo mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, aliyeitwa aje kusoma Yasini, akasoma kwa moyo bila kufungua msahafu kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alikuwapo mpishi wa nyumba niliyofanyia kazi huko Kizingo, Mkristo wa bara, amesimama kizingitini na chupa mkononi, hajui aingie ama abaki nje mpaka kisomo kiishe. Na mimi.

Hao ndio wote. Daktari hakuwapo. Namtaja kwa sababu asubuhi ya siku ile ile alikuwa ameketi muda mrefu katika nyumba nyingine ya kisiwa hiki hiki cha Mombasa, kando ya kitanda cha mtoto mwingine mwenye ugonjwa huo huo, na mimi ndiye niliyemshikia beseni akinawa mikono.

Majina siyaandiki. Baadhi yao wana wajukuu Bondeni mpaka leo, na baadhi hawakuacha mtu wa kuniruhusu.

Baba yetu alikuwa hamali wa forodhani. Kifua kilimshika msimu mmoja wa mvua na hakikumwachia. Mama alimfuata kabla ya mwaka kutimia, kwa homa, wakati mdogo wetu hajaacha ziwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Wazee watatu wa ukoo walikuja wakakaa barazani, wakatugawa kama watu wanaogawana vyombo kwa heshima: dada yangu aende Lamu kwa ami, mdogo wetu aende kwa shangazi Malindi, mimi niozwe. Walikuwa wema, na hakuna aliyetutakia mabaya. Lakini mama alikuwa ameniambia neno moja tu la mwisho, nisiwatawanye, nami nikatoka nyuma ya pazia nikawaambia wazee wale kwamba hatuendi popote.

“Mtakula nini?” akauliza mmoja.

“Nitafanya kazi.”

“Kazi gani, mtoto wa kike?”

Juma lile niliacha chuo. Nilikuwa nimebakisha juzuu saba nihitimu, na mwalimu aliniambia nafasi yangu kwenye mkeka haitakaliwa na mtu. Sikurudi tena.

Bibi mwenye nyumba ndiye aliyetupa chumba huko Bondeni. Alikuwa mzee, mguu mmoja mfupi, hana mume, hana mtoto, hana ndugu anayejulikana. Aliletwa pwani akiwa mdogo sana, akatumikia nyumba ya watu katika Mji wa Kale, halafu akaachwa huru na kibanda kimoja cha makuti chenye vyumba viwili na ua. Uani palikuwa na kisima chetu. Choo cha shimo kilikuwa upande wa pili wa ua ule ule, nyuma ya ukuta wa makuti. Hakuna aliyeona vibaya. Nyumba zote za jirani zilikuwa hivyo.

Kazi niliipata Kizingo, kuwa yaya katika nyumba ya Mzungu mmoja wa serikali. Nililala huko huko, nikirudi Bondeni kila Ijumaa baada ya sala mpaka magharibi. Wasichana tuliosoma nao walinidhihaki njiani. “Yaya wa wazungu! Hebu tupitie karibu, tunuse siagi!” Niliwaacha wacheke. Kila Ijumaa nilileta mchele nyumbani, na wadogo zangu wawili walikuwa chini ya paa moja.

Nyumba ile ilikuwa juu, upepo wa bahari unaingia mlango huu na kutokea mlango ule. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, kama wa rika la mdogo wetu. Nilimpenda. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu miaka mingi nilijaribu kusema si kweli.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza pale ni maji. Kila alfajiri mpishi aliteka masufuria mawili makubwa jikoni, akayachemsha mpaka yakaruka, kisha akayafunika. Yakipoa kidogo aliyapitisha katika mtungi wa jiwe wenye kibomba chini, yakadondoka polepole, kisha akayatia katika mitungi sita iliyopangwa barazani upande wa kivuli, kila mmoja na kitambaa chake mdomoni. Hapo yalikaa mchana kutwa. Maji ya leo yalinywewa kesho.

“Haya ni madhehebu gani?” nilimuuliza mpishi siku za mwanzo.

“Dada, hawa watu hupika kila kitu,” akasema. “Nyama wanapika, matunda wanapika, sasa maji. Siku moja utaniona naikaanga hewa.”

Mpishi alikuwa mtu wa mzaha, lakini alijua kusoma na kuandika. Alifundishwa na wamisionari bara kabla hajashuka kwa reli kutafuta kazi. Herufi hizi ninazoandikia nilizipata kwake, jikoni, kwa mkaa juu ya karatasi za kufungia sukari. Mzaha wa maji tuliurudia mara nyingi. Nilidhani ni desturi tu, kama vile sisi tunavyofukiza mtungi kwa ubani ili maji yanukie. Kila watu na maji yao.

Kisha mtoto wa Kizingo akaanza kuhara damu.

Daktari aliletwa siku ile ile, kwa kile kigari cha relini cha siku zile, kinachosukumwa na watu wawili, wakikimbia na kanzu zimefungwa kiunoni. Alikuja asubuhi, akaja jioni, na akaendelea kuja. Mtoto alihamishiwa chumba chenye upepo zaidi. Shuka zilibadilishwa kila zilipochafuka, na zilizochafuka zilichemshwa. Akaletwa mwanamke wa Kizungu wa kumuuguza. Yeye na mimi tulipokezana, na kila tulipomgusa mtoto tulinawa kwa sabuni yenye harufu kali. Alipewa dawa kwa kijiko, na maji ya shayiri kwa kijiko, kidogo kidogo, kutwa. Daktari aliongea na memsahibu, mama wa mtoto, kwa lugha yao, kirefu, akihesabu kwa vidole. Memsahibu akanigeukia mimi akanipa yale yaliyonihusu: “Maji ya kuchemsha tu. Kijiko pia. Kikombe pia. Umesikia?”

Nilisikia. Sababu hakuniambia, wala mimi sikuuliza. Yaya haulizi sababu.

Siku ya tano ya ugonjwa huo dada yangu alikuja mlango wa nyuma. Alikuwa ametembea peke yake kutoka Bondeni, miguu imejaa vumbi.

“Dada, mdogo wetu tumbo linamsokota. Anatoka damu.”

“Tangu lini?”

“Tangu juzi. Bibi amempa maji ya majani ya mpera, hayakusaidia. Bibi anauliza, dada yenu yuwaja lini?”

Nilikwenda kwa memsahibu. Nilisimama mlangoni na mikono nyuma, nikamwambia ndugu yangu mdogo anaumwa ugonjwa kama wa mtoto wake, nikaomba ruhusa. Alikuwa hajalala siku nyingi. Alinitazama kwa huruma, na sitamsingizia kwamba haikuwa huruma.

“Pole,” akasema. “Lakini nyinyi mmezoea maji yenu. Watoto wenu wana nguvu. Atapona upesi. Mimi nakuhitaji hapa mpaka Ijumaa.”

Nilirudi jikoni nikamwambia dada yangu aende na bibi kwenye nyumba ya dawa ya watu weusi. Kulikuwa na nyumba moja hivyo, yenye paa la bati, ambako mtoa dawa alifungua dirisha asubuhi na kulifunga kabla ya adhuhuri. Walikwenda. Bibi na mguu wake mfupi, dada yangu amembeba mdogo wetu mgongoni. Walipanga foleni juani siku ya kwanza, dirisha likafungwa wakiwa karibu. Siku ya pili walifika. Mtoa dawa hakumgusa mtoto. Aliuliza, “Anahara?” Akamimina dawa nyeupe katika chupa waliyokwenda nayo wenyewe, akasema waje tena Jumatatu. Nyuma yao palikuwa na watu wengi. Juu ya maji hakusema neno.

Ijumaa nilipofika nilimkuta amekonda mpaka mifupa ya mabega imejitokeza. Aliniona akacheka.

“Umeniletea biskuti?”

Nilikuwa nimemletea mbili. Hakuweza kuzila.

Mimi nilikuwa nimewaza juma zima. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mtoto wa Kizingo akianza kuinua kichwa. Daktari sikuweza kumpeleka Bondeni, wala yule mwuguzi, wala upepo. Lakini maji ya kuchemsha niliweza. Nilinunua mzigo wa kuni nikauweka uani, nikamkalisha bibi chini.

“Bibi, mtoto asinywe maji ila yaliyochemka. Mpaka yaruke.”

“Maji ya kunywa yachemshwe?” Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. “Haya ndiyo maji ya Kizingo, yamevaa viatu! Wale, mwanangu, damu yao ni nyepesi, ndiyo maana hupikiwa maji. Sisi ni watu wa kisima.”

“Bibi, nakuomba.”

Akaacha kucheka. “Ukiniomba, nishakubali. Nitayachemsha mimi mwenyewe, simwachii mtu.”

Na alifanya. Nataka hili lieleweke vizuri: alifanya kwa uaminifu kuliko nilivyomwomba. Aliamka kabla ya adhana, akakoka moto, na kwa mguu ule akachutama mbele ya mafiga mpaka sufuria ikaruka. Sufuria yetu ilikuwa moja tu. Hiyo hiyo ya maji, hiyo hiyo ya uji, hiyo hiyo ya wali.

Jumamosi mpaka Jumatatu dada yangu alileta habari njema mlango wa nyuma. Jumatatu bibi alirudi dirishani, chupa ikajazwa tena. Jumanne dada yangu hakuja. Jumatano alikuja akasema mdogo wetu hataki hata kugeuzwa.

Alhamisi asubuhi mtoto wa Kizingo aliteremka kitandani. Alitembea kutoka mlango wa chumba mpaka barazani, ameshika kidole changu, akasimama kati ya mitungi ile sita akapiga makofi. Memsahibu alilia. Daktari, aliyekuwa amekuja mapema, alimkagua tumbo, akakaa sana, akacheka naye, akanawa mikono katika beseni nililoshika. Kwa furaha yao memsahibu akaniambia niende nyumbani mpaka Jumamosi. Mpishi akavua aproni.

“Nakwenda nawe,” akasema. Alikuwa na chupa ya maji ya shayiri, yaliyobaki, ambayo hayakuhitajiwa tena.

Tulitembea upesi. Njiani kwa mara ya kwanza mpishi hakutania.

Tulipofika bibi alikuwa uani. Sufuria ilikuwa imetoka motoni sasa hivi, mvuke bado unapanda. Alitusalimia, akaniambia, “Kiu imemshika, yuwataka maji, ngoja nimpe.” Akachota kikombe nusu kutoka sufuriani. Kisha, bila kutazama, mkono ukijua njia wenyewe, akatia kata ya kifuu katika ndoo ya kisima akayazimua kwa maji baridi. Akajaribu kwa kidole kama yamekuwa vuguvugu. Akaongeza kidogo.

Kwetu maji ya moto huzimuliwa. Ukimkogesha mtoto mchanga unazimua. Ukimpa mgonjwa maji ya kuoga unazimua. Hakuna anayefundishwa. Mtoto wa kike huanza kuzimua kabla hajajua kusuka. Kumpa mgonjwa mwenye kiu maji yanayochoma ni ukatili, na kumwambia asubiri mpaka kesho yapoe, wakati ndoo ya maji ya baridi iko mkononi mwako, ni ukatili zaidi. Tena maji yaliyochemshwa yana ladha ya moshi na hayana uhai mdomoni. Mdogo wetu alikuwa amelalamika, “Maji haya yananuka jiko.” Basi bibi alikuwa akiyazimua, na yaliyobaki akiyatia katika mtungi mdogo aliouosha kwa maji ya kisima na kuufukiza kwa ubani wake bora, ule wa sikukuu, ili mtoto ayapende. Siku sita alikuwa amefanya hivyo.

Mpishi aliniita kwa sauti ya chini. “Dada. Bibi anachanganya.”

“Anazimua,” nikasema.

“Ndiyo. Anatia yale yale tuliyoyakimbia.” Akanitazama, akaona kwamba sijaelewa. “Kinachoua kimo ndani ya maji. Hakionekani. Moto unakiua. Ukitia tone moja la kisima umekirudisha. Hukujua?”

Sikujua. Nilikuwa nimeishi katikati ya mitungi sita karibu miaka miwili, nikiipangusa, nikiifunika, na sikujua kwa nini maji yale yaliachwa kupoa yenyewe. Nilidhani wanangoja kwa sababu wana vyombo vingi na nafasi. Kuchemsha ndiko nilikoamriwa, na kuchemsha ndiko nilikopeleka nyumbani. Mpishi alijua, kwa kuwa aliweza kusoma karatasi aliyobandikiwa jikoni. Mimi nilikuwa bado kwenye herufi za mwanzo.

Niliingia chumbani nikakichukua kile kikombe mkononi mwa bibi mtoto hajanywa. Nikasema, “Kuna maji ya shayiri, bibi, tumpe hayo.” Dada yangu alimwinua kichwa. Kijiko cha kwanza kilipita. Cha pili kilitoka pembeni mwa mdomo. Nikamtuma dada yangu amwite mwalimu.

Alikata roho wakati wa alasiri, msomaji akiwa katikati ya sura. Hakulia wala hakutapatapa. Alikuwa anatazama mlango, na mpishi alikuwa amesimama mlangoni, basi mtu wa mwisho aliyemwona alikuwa mgeni mwenye chupa. Mpishi aliinamisha kichwa akaomba kimoyomoyo kwa dini yake, na mwalimu alimwona asimkataze.

Mdogo wetu alikuwa mdogo, wanawake waliweza kumkosha. Bibi hakutaka mtu mwingine. Alibandika sufuria ile ile, maji yakapata moto, akatia majani ya mkunazi. Kisha akachukua kata, akachota kisimani, akazimua. Akajaribu kwa kidole. Nilisimama nikitazama ule mkono. Safari hii hakukosea kitu. Aliyamimina juu ya mwili ule mdogo polepole, akimsemesha, “Geuka, baba. Haya, na upande huu,” kama alivyomsemesha siku zote akimkogesha.

Kwenye sanda ndipo tulipokwama. Sikuwa na kitu. Nilikuwa nimetoka Kizingo na nguo niliyovaa, na mshahara wa mwezi ule nilikuwa nimeshautumia kwa kuni na mchele. Mwalimu akasema watu wa msikiti watatoa. Bibi akasema, “Ngojeni.” Akaingia chumbani kwake akafungua kisanduku.

Bibi alikuwa na sanda yake. Wanawake wazee wa Mombasa wengi walikuwa nazo, zimekunjwa kwa karafuu na udi zikingoja siku. Lakini ya bibi ilikuwa na kisa. Mwanamke ambaye bibi alikuwa akimtumikia zamani alikwenda kuhiji, na bibi alimpa vitambaa avioshe kwa maji ya Zamzam. Nguo tano, kwa kuwa mwanamke huzikwa kwa nguo tano. Kwa mtu asiyejua alizaliwa wapi wala nani aliyemzaa, lile furushi ndilo lililokuwa ukoo wake. Kila mwaka kabla ya Ramadhani alilitoa, akalianika kivulini, akalirudisha.

Akatoa ile nguo kubwa ya juu kabisa, ile inayofunika zote.

“Bibi, la,” nikasema. “Hiyo ni yako.”

“Najua ni yangu. Nimesema nakupa? Nakukopesha.” Akanikazia macho. “Utanirudishia. Na isiwe kitambaa cha marekani cha dukani. Kama ilivyo hii, imekwenda na kurudi. Usije ukaniletea gunia la mchele nikazikwa nalo.”

Nikacheka. Ndugu yangu amelala pale, nami nikacheka, kwa sababu alitaka nicheke.

“Nitakurudishia.”

“Mbele ya mwalimu?”

“Mbele ya mwalimu.”

Ilimzunguka mara tatu, mdogo kama alivyokuwa.

Watu walipokwisha kwenda makaburini na kurudi, bibi alikaa na mimi uani. Ndoo ya kisima ilikuwa kati yetu. Aliitazama, akasema, “Yale maji yalikuwa moto sana, mwanangu. Nikawa nayazimua. Sikukosea?”

Alikuwa amemwona mpishi akiniita. Alikuwa ameona nikikichukua kikombe. Hakuwa mjinga.

“Hukukosea, bibi,” nikasema. “Ulifanya kama mama.”

Neno la pili lilikuwa kweli.

Siku zile zile, bila kumweleza, nilimwambia mpishi anitafutie mitungi miwili ya udongo, nikaiweka uani kwa bibi, nikamwambia dada yangu awe anayachemsha yeye na kuyaacha yapoe mpaka kesho yake, bibi apumzike. Bibi akakubali upesi mno. Hakukigusa tena kisima kwa maji ya kunywa. Sikumwuliza anajua nini.

Jumamosi nilirudi kazini. Mtoto alinikimbilia. Memsahibu alinipa pole ya ugonjwa, na kijigari cha mbao cha mwanawe kwa ajili ya mdogo wangu. Ilibidi nimwambie mara mbili kwamba hakuna tena wa kukichezea.

Daktari alikuja kumtazama mtoto kwa mara ya mwisho. Nilimshikia beseni, na nikafanya jambo ambalo yaya hafanyi. Nikamwambia kwamba ndugu yangu alikuwa na ugonjwa huu, na amekufa. Alijua Kiswahili cha kutosha.

“Kwa nini hakuletwa?” akauliza.

“Aliletwa, bwana. Mara mbili.”

“Kwangu?”

“Dirishani.”

Alisugua mikono majini. Kisha akasema ana watu wengi, na mtoa dawa ni mmoja, na watu wa mji hawafuati maagizo. Nilimuuliza, maagizo gani. Nilitaka kujua kwa kweli, kwa kuwa hatukupewa. Aliifuta mikono, akashukuru kwa taulo, akatoka. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Nadhani hakuwahi kuulizwa.

Nimelifikiri jambo hili miaka mingi. Huenda mdogo wetu angekufa hata kama yale maji yasingezimuliwa. Alikuwa amekonda, na ile dawa nyeupe sijui ilikuwa nini. Lakini najua watoto wawili waliumwa tumbo moja katika kisiwa ambacho mtu hukivuka kwa miguu kabla jasho halijamtoka. Kule walisema sisi tumezoea. Huku tulisema wao wana damu nyepesi. Maneno mawili yaliyoonekana kupingana, na yote mawili yalitutoshea kutochemsha maji. Kule ilikuwapo mitungi sita, na mtu wa kuelezwa kwa lugha yake mwenyewe, akihesabiwa kwa vidole. Huku ilikuwapo sufuria moja na mwanamke mwenye mapenzi. Nimejaribu kutafuta tofauti nyingine katika miili ya watoto wale, mimi niliyewakogesha wote wawili, na sikuiona.

Wale watu wa Kizingo walipohamishiwa bara, nilikwenda nao. Mshahara uliongezwa, na dada yangu alikuwa amefika umri wa kuozwa vizuri, hapo hapo Bondeni, mlango wa tatu kutoka kwa bibi. Sikumtawanya. Nilikaa huko miaka mitatu. Huko huko nilinunua kitambaa, nikakituma kwa dada yangu, naye akawapa mahujaji wa Mji wa Kale. Mwaka wa kwanza waliondoka kabla hakijafika. Mwaka wa pili kilikwenda. Kilioshwa kwa Zamzam, kikakaushwa huko huko, kikarudi kimekunjwa na harufu ya safari.

Kilifika Bondeni siku kumi na nane baada ya bibi kuzikwa.

Dada yangu ndiye aliyemkosha. Akaniandikia kwa mkono wa mumewe. Alisema bibi hakuugua sana. Alisema walilifungua furushi la karafuu wakazikuta nguo nne, zimepangwa, na mahali pa ya tano pamewekwa kipande cha karatasi ya kufungia sukari, ili zisilegee. Msikiti ulitoa marekani ya dukani ikamfunika juu. Alisema bibi alikuwa ameuliza siku mbili kabla ya kufa, “Dada yenu amesema lini?” wakamjibu kitambaa kiko njiani. Akasema, “Basi si kitu. Aliniahidi mbele ya mwalimu.”

Mwalimu naye ameshafariki. Nguo ninayo mimi, sandukuni, chini ya nguo zangu. Watu wameniambia nimpe maskini yeyote, thawabu zitamfikia bibi. Wanawake wawili wa mtaa huu wamekufa tangu hapo bila sanda nzuri, na mara zote mbili nimefungua sanduku, nikaishika, nikalifunga. Kabla ya Ramadhani huitoa nikaianika kivulini. Wakati huo hujaribu kumwambia bibi ukweli wa lile neno la kwanza, ule niliomficha pale uani, ndoo ikiwa kati yetu, na mpaka sasa sijaumaliza.